Kufagia, kukomba na kutakasa: Historia ya kusafisha mti wa msimbo wa Linux

Kiswahili hakina umaskini wa vitenzi vya usafi. Tunafagia ua, tunapiga deki sakafu, tunapangusa meza, tunaosha vyombo na kuvisuuza, tunafua nguo, tunafuta ubao, tunakwangua ukoko, tunakomba chungu na kutakasa moyo. Hakuna mzawa wa lugha hii atakayeambiwa "fagia chumba" kisha autoe nje mkeka, kitanda na kabati. Kitenzi chenyewe kimeshamwambia kinachoondoka na kinachobaki. Kufagia ni kuondoa taka, samani hazihusiki. Lakini ukisikia kwamba wezi wamekomba nyumba ya jirani, huna haja ya kuuliza kama wameacha kiti.

Utajiri huu hutoweka ghafla tunapoingia katika lugha ya tarakilishi. Humo, kila kitu ni "safisha" au "futa". Safisha kumbukumbu, safisha simu, safisha folda, safisha programu. Msomaji atauliza: kwani pana ubaya gani? Si neno ni neno tu? Makala haya yanajibu swali hilo kwa kufuata historia ya kazi moja mahususi: kuurejesha mti wa msimbo wa kerneli ya Linux katika hali safi. Ni kazi wanayoifanya watu wachache, ila historia yake ya takriban nusu karne inaonyesha wazi kwamba maneno ya usafi si mapambo. Neno likikosewa, mtu hupoteza jasho lake.

Kiini, mti na uchafu wake

Tuanze na istilahi zenyewe. Kerneli ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kuendesha kompyuta. Ndiyo inayosimamia kumbukumbu, diski, kibodi na programu zote nyingine. Jina hilo ni sitiari ya punje au kokwa, kitu kilicho ndani ya ganda, na Kiswahili kimepata kisawe kizuri: kiini. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitangaza mradi wake mnamo Agosti 25, 1991, akiwa na umri wa miaka 21. Toleo la kwanza, 0.01, lilitoka Septemba mwaka huo likiwa na takriban mistari 10,000 ya maandishi. Leo hii mistari hiyo imepita milioni 30, na simu zote zinazotumia mfumo wa Android, zikiwemo zile zilizojaa mifukoni mwetu hapa Kenya, zinaendeshwa na kiini hichohicho.

Maandishi hayo ndiyo huitwa msimbo chanzo. Yanaandikwa na binadamu, yanasomwa na binadamu, na yamepangwa katika folda zilizotoka ndani ya folda nyingine kama matawi yatokavyo shinani. Ndiyo maana mkusanyiko mzima huitwa mti.

Mashine, hata hivyo, haielewi maandishi hayo moja kwa moja. Sharti yapitishwe katika kompaila, yaani programu inayoyageuza kuwa tarakimu za mashine. Kila faili iliyoandikwa na mtu huzaa faili nyingine ya mashine, nazo hizo za mashine huunganishwa kuwa kiini kamili. Ukimaliza kazi hiyo, mti uliokuwa na maandishi matupu sasa umejaa maelfu ya faili ambazo hakuna mtu aliyeziandika. Kazi ya mkono wa binadamu na mazao ya mashine vimelala kitanda kimoja.

Aidha, ipo faili ya tatu, isiyo ya mtunzi wala ya mashine. Kabla ya kujenga kiini, mjenzi huulizwa maswali mengi mno: utumie kichakataji kipi, utambue diski za aina gani, uwashe huduma zipi? Majibu yote huhifadhiwa katika faili moja inayoitwa ‘.config’. Nukta iliyotangulia jina huifanya isionekane katika orodha ya kawaida ya faili. Kuiandaa ipasavyo kunaweza kumchukua mtu siku nzima, au hata zaidi. Tuiweke faili hii akilini, maana ndiyo kitovu cha mgogoro wetu.

Asubuhi iliyopotea

Historia ya kusafisha haikuanzia Helsinki. Ilianzia katika maabara za Bell nchini Marekani, mwaka wa 1976. Mtafiti mmoja hapo, Stuart Feldman, alijiwa na mwenzake Steve Johnson akiwa amejaa hasira. Johnson alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu ambayo haikuwa na kosa tena. Alikwisha kulisahihisha, lakini faili ile haikuwa imepitishwa upya kwenye kompaila. Alikuwa akijaribu mzoga wa jana akidhani ni mnyama wa leo. Feldman mwenyewe alikuwa amepatwa na balaa kama hilo. Basi akaandika programu iliyoitwa ‘make’.

Kazi ya ‘make’ ni rahisi kueleza. Inalinganisha saa ya faili iliyoandikwa na mtu na saa ya faili iliyozaliwa kutokana nayo. Mzazi akiwa amebadilishwa baada ya mtoto kuzaliwa, mtoto huyo amepitwa na wakati, azaliwe upya. Kanuni za uhusiano huo huandikwa katika faili iitwayo ‘Makefile’. Programu hii ilienea kote duniani, na mnamo 2003 Feldman alituzwa na ACM, chama cha kimataifa cha wanakompyuta, kwa ajili yake. Inasemekana kwamba aligundua mapema dosari moja ya kisarufi katika lugha ya ‘Makefile’, ile sharti ya kutumia alama ya kichupo mwanzoni mwa mstari, lakini akaiacha kwa kuwa tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili na hakutaka kuwasumbua. Mamilioni ya watu waliofuata wamesumbuka na kichupo hicho hadi leo. Wanaisimu watatabasamu hapa: kosa likishazoewa na wasemaji wachache wa mwanzo, huwa ndiyo sarufi.

Sasa, ‘make’ ina udhaifu. Inajua tu kile ilichoambiwa. Kama faili moja inategemea nyingine na hakuna aliyeuandika uhusiano huo, ‘make’ haitauona. Saa ya kompyuta ikiwa imeharibika, hukumu yake itaharibika pia. Ukibadilisha kompaila yenyewe, faili zote za zamani zitaonekana nzima ilhali zimepitwa na wakati. Mambo yakienda mrama namna hiyo, dawa ni moja: ondoa kila kilichozaliwa na mashine, uanze upya.

Hapo ndipo lilipozuka neno ‘clean’, yaani safisha. Jambo la kustaajabisha ni kwamba ‘make’ yenyewe hailijui neno hilo. Si amri iliyojengwa ndani yake. Ni jina tu ambalo waandishi wa programu walizoea kuwapa wafagiaji wao, kila mmoja katika ‘Makefile’ yake, mpaka likawa desturi. Na kama ilivyo katika lugha yoyote, haja ya kutofautisha ikazaa maneno zaidi. Mradi wa GNU, ulioanzishwa na Richard Stallman mnamo 1983, uliorodhesha daraja kadhaa katika mwongozo wake: ‘mostlyclean’ kwa usafi wa juujuu, ‘clean’ kwa usafi wa kawaida, ‘distclean’ kwa hali iliyo tayari kusambazwa kwa watu, na ‘maintainer-clean’ kwa usafi ambao ni mtunzaji wa mradi tu anayepaswa kuugusa. Pengine palikuwa na ‘realclean’, yaani safi kwelikweli. Kwa ufupi, wanakompyuta waligundua kile ambacho bibi zetu walikijua zamani: kwamba swali si "je, ni safi?" bali "ni safi kwa kazi gani?"

Mzee wa chupani

Kerneli ya Linux ilipokea desturi hiyo, ikaongeza neno lake: ‘mrproper’. Msomaji asihangaike kulitafuta katika kamusi ya Kiingereza. Ni jina la sabuni. Mwaka wa 1958 kampuni ya Procter & Gamble ilianza kuuza Marekani dawa ya kusafishia nyumba iliyoitwa Mr. Clean, yenye picha ya mwanamume mwenye upara, hereni sikioni na mikono iliyokunjwa kifuani. Bidhaa hiyo ilipovuka bahari ilibadilisha jina kulingana na lugha ya wenyeji. Ufaransa ikawa Monsieur Propre, Italia Mastro Lindo, Uhispania Don Limpio, na katika nchi kadhaa za Ulaya ikajulikana kama Mr. Proper. Torvalds alikuwa kijana wa Ulaya, tena wa jamii ya wachache nchini Finland ambao lugha yao ya mama ni Kiswidi. Neno la jikoni la Ulaya likaingia katika kiini cha kompyuta, na Wamarekani wengi waliolikuta humo wakabaki kukuna vichwa.

Kwetu sisi uhamisho wa aina hii si mgeni. Mkenya huenda dukani akaitisha "Omo" akapewa sabuni ya unga ya kampuni nyingine, na asione kwamba amedanganywa. Rangi ya viatu ni "kiwi", dawa ya meno ni "kolgeti", dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ni "jiki", na siagi ya mkate ni "blubandi". Jina la bidhaa hugeuka kuwa nomino ya kawaida kwa sababu limebeba picha kamili ya kazi. ‘Mrproper’ ilibeba picha hiyo pia: huyu si mfagiaji wa kawaida, huyu ni mzee wa chupani, akipita hapaachi doa.

Tatizo ni kwamba picha ya sabuni haikusema doa ni lipi. Katika kerneli ya Linux kuna daraja tatu, nazo ni hizi. Ukiandika ‘make clean’, faili nyingi zilizozaliwa na mashine zitaondolewa, lakini mipangilio yako itaachwa, pamoja na vile vinavyohitajika kujengea vipande vya nje vya kiini. Ukiandika ‘make mrproper’, kila kilichozaliwa na mashine kitaondoka, na pamoja nacho ‘.config’, yaani yale majibu yako ya siku nzima. Ukiandika ‘make distclean’, yote hayo yataondoka, pamoja na nakala za akiba ambazo programu za uhariri huziacha na mabaki ya viraka ambayo tutayataja punde.

Tazama basi. Daraja la kwanza linaacha samani. La pili linabeba samani. Na maelezo ya kerneli kwa anayeanza, ambayo yamesomwa na vizazi vya wajenzi, yanamshauri aanze kwa ‘make mrproper’ ili pasiwe na faili zilizochacha zikizagaa. Kwa mtu anayeanza kweli, ushauri huo ni wa busara, maana hana cha kupoteza. Kwa yule aliyekwisha kutengeneza mipangilio yake, ni msiba. Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini hapa mwiba wenyewe ulikuwa umefichwa ndani ya jina la sabuni.

Viraka na makapi

Ili kuelewa daraja la tatu, turudi tena nyuma kidogo. Mnamo 1985, Larry Wall, ambaye baadaye alibuni lugha ya programu iitwayo Perl, alitoa programu iliyoitwa ‘patch’, yaani kiraka. Hapa tafsiri haina haja ya kujikuna kichwa. Kiraka ni kipande cha nguo kinachoshonwa mahali palipochanika, na ndicho hasa programu hiyo ilichofanya: badala ya kumtumia mwenzako faili nzima iliyosahihishwa, unamtumia orodha ya mistari iliyobadilika tu, naye anaishona katika nakala yake.

Katika miaka ya tisini jambo hilo lilikuwa na maana kubwa. Intaneti ilipitia waya wa simu, polepole kama kobe, na kila dakika ilikuwa na gharama. Mtu aliyekuwa na toleo la jana hakutaka kuteremsha mti mzima wa leo, aliteremsha kiraka. Lakini kiraka kinadai kwamba nguo iwe ileile aliyoipima fundi. Kama umeichezea, umechomeka mstari wako hapa na kufuta mwingine pale, programu hutafuta pa kushona ikakosa. Vipande vilivyokataliwa huviweka katika faili zenye mkia wa ‘.rej’, na nakala za asili katika faili zenye mkia wa ‘.orig’. Hayo ndiyo makapi ya upepetaji. Yakikusanyika, mti hujaa vitu vinavyofanana na msimbo na visivyo msimbo, na ole wake atakayeusambaza hivyo kwa wenzake.

Ndiyo sababu ‘distclean’ ikawa daraja la juu. Neno hilo ni kifupi cha usafi wa kusambaza. Usafi wake haupimwi kwa macho ya mwenye nyumba bali kwa macho ya mgeni atakayeupokea mti huo. Na mambo yakishindikana kabisa, palikuwa na njia ya mwisho ambayo kila mjenzi wa enzi hizo aliijua: futa mti wote, fungua upya kifurushi cha toleo, shona viraka kimoja baada ya kingine hadi ufike ulipokuwa. Ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu ya kombamwiko, lakini ilifanya kazi.

Alama moja ya usawa

Hadi hapo tumezungumzia usafi kama kuondoa taka. Mnamo Novemba 2003 kulitokea jambo lililoongeza maana ya pili. Wakati huo Torvalds alikuwa akihifadhi msimbo wa kerneli katika mfumo uitwao BitKeeper, ambao aliuanza kutumia mwaka 2002. Kwa kuwa si kila mtu alitaka kutumia mfumo huo, palikuwa na nakala nyingine katika hifadhi ya aina ya CVS. Siku moja ikaonekana kwamba nakala hiyo ya pili ina badiliko ambalo asili haina. Mtu fulani alikuwa amepenya na kuchomeka mistari miwili.

Mistari yenyewe ilionekana kama ukaguzi wa kawaida. Ilionekana kuuliza: je, namba ya mtumiaji huyu ni sawa na sifuri? Katika lugha ya C, kuuliza usawa huandikwa kwa alama mbili za ‘=’ zilizofuatana. Mistari hii ilikuwa na alama moja tu, na alama moja haiulizi, inaamrisha. Inasema: namba ya mtumiaji huyu iwe sifuri. Na katika Linux, sifuri ni namba ya mwenye mamlaka yote. Yeyote aliyejua siri hiyo angejifanya mfalme wa kompyuta hiyo.

Wasomaji wa safu za lugha hawatashangaa kwamba alama moja inaweza kufanya hivyo. Tia irabu moja tu kati na "futa" inakuwa "fuata". Mtu aliyeambiwa "fuata faili zangu" akasikia "futa faili zangu" atakuwa ametii kikamilifu na kuangamiza kila kitu. Kilichowaokoa watu wa Linux si jicho kali la msomaji mmoja, bali ulinganishaji. Nakala mbili zililinganishwa, zikatofautiana, na badiliko lile halikuwa na kumbukumbu ya kuidhinishwa kule kwenye asili. Badiliko lile halikuingia kamwe katika hifadhi kuu.

Funzo lilikuwa hili: mti unaweza kufagiwa ukang'aa, faili zote za mashine zikaondolewa, na bado usiwe safi. Usafi wa kweli ni kufanana na asili inayojulikana.

Usafi kama alama ya kidole

Aprili 2005, baada ya mzozo kuhusu leseni, ruhusa ya kutumia BitKeeper bila malipo iliondolewa. Torvalds akajifungia, na katika muda wa siku chache akatoa mfumo wake, Git. Jina hilo, kwa Kiingereza cha mitaani cha Uingereza, ni tusi dogo la mtu asiyependeza, na mwenyewe alitania kwamba huipa miradi yake majina yake.

Git ilibadilisha maana ya mti safi. Kila hali ya mti hupewa jina lenye herufi na tarakimu 40, linalokokotolewa kutokana na yaliyomo. Ukibadilisha nukta moja katika faili moja, jina lote linakuwa jingine. Ni alama ya kidole. Hivyo, mtu hahitaji tena kuuliza "nimeondoa taka zote?" Anaiuliza Git, nayo inamjibu kama mti wake unafanana na ule ulioandikishwa au la. Umuhimu wa jambo hili ulionekana mwaka wa 2011. Mwishoni mwa Agosti ilitangazwa kwamba seva za kernel.org, zinazohifadhi msimbo wa kerneli, zilikuwa zimeingiliwa na wadukuzi. Tovuti ilifungwa kwa wiki kadhaa. Lakini msimbo wenyewe haukuzua hofu kubwa, kwa kuwa nakala zake zilikuwa kwa maelfu ya watu, kila moja ikiwa na alama zake za kidole. Mdukuzi hawezi kubadilisha nakala moja bila alama kumsaliti mbele ya nyingine zote.

Zikazaliwa pia amri mpya za kusafisha, nazo zinagawana kazi. ‘Git reset --hard’ huzirudisha faili zilizoandikishwa jinsi zilivyokuwa. Mabadiliko yoyote ambayo hukuyaandikisha yanayeyuka. ‘Git clean’ nayo huondoa faili ambazo hazikuandikishwa kabisa. Ukitaka mti kama ulivyotoka dukani, sharti utumie zote mbili. Hapa tena kuna mitego. ‘Git clean’ ikiongezewa herufi ‘x’ huondoa hata zile faili ambazo Git imeambiwa izipuuze, na miongoni mwazo ni ileile ‘.config’. Mzee wa chupani amerudi kwa jina jingine.

Hata hivyo, waandishi wa Git walijifunza jambo. Kwa kawaida ‘git clean’ hukataa kufanya kazi mpaka uilazimishe kwa herufi ‘f’, na ukiipa herufi ‘n’ itakuonyesha orodha ya itakavyoviondoa bila kugusa kitu. Yaani inakupa nafasi ya kuliangalia jalala kabla ya kulichoma. ‘Reset --hard’ haina huruma hiyo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Isitoshe, wajenzi wengi wa leo wameacha kuuchafua mti tangu mwanzo. Kerneli inaruhusu mazao yote ya mashine yawekwe katika folda nyingine kabisa, mbali na msimbo. Ni kama kupikia nje ili sebule isijae moshi. Ajabu ni kwamba, ukijaribu njia hiyo katika mti uliokwisha kuchafuliwa, kerneli inakataa na kukuambia kwamba mti si safi, tafadhali tumia ‘make mrproper’. Na anayetii bila kunakili mipangilio yake kwanza, anajua kitakachofuata.

Istilahi zetu

Turudi sasa kwenye Kiswahili. Lugha yetu si mgeni katika uwanja huu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, kilikuwa na mradi wa Kilinux uliolenga kuiswahilisha programu huria, na mnamo 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi katika Kiswahili. Kampuni kubwa za tarakilishi na simu zikafuata. Tumepata faili, folda, kitufe, nywila, kivinjari, tovuti. Tatizo letu ni kwamba juhudi nyingi zimemiminwa katika nomino. Vitenzi tumevitupa pembeni, tukidhani kwamba "safisha" na "futa" vitatosha.

Havitoshi. Mwalimu anayewafunza wanafunzi wake kujenga kerneli, akawaambia "safisheni mti" kwa ‘clean’ na "safisheni mti" kwa ‘mrproper’, amewapa kitenzi kimoja kwa matendo mawili ambayo moja linahifadhi kazi yao na jingine linaiangamiza. Hali ni ileile kwa mama mboga aliyejaa picha za wajukuu katika simu yake. Kuondoa mabaki ya muda ya programu na kuondoa data yake yote ni mambo mawili yasiyokaribiana. Fundi wa simu akiyaita yote "kusafisha", asishangae machozi yakimwagika kwenye kaunta yake.

Napendekeza basi tutumie daraja ambazo lugha imetupa bure. Kuondoa mazao ya mashine huku mipangilio ikibaki, tukuite kufagia. Kuondoa mazao pamoja na mipangilio, tukuite kukomba. Neno hili lina onyo ndani yake, kwa maana kila mtu anajua chungu kilichokombwa hakina hata mchuzi. Kuuandaa mti uwe tayari kukabidhiwa wengine, bila makapi ya viraka, tukuite kutakasa. Kuirudisha faili jinsi ilivyoandikishwa ni kurejesha. Na pale ambapo Git inaandikisha badiliko jipya linalobatilisha la zamani bila kulifuta katika historia, tunacho kitenzi kamili: kutangua, kama itanguliwavyo ndoa au udhu.

Wapo watakaosema kwamba amri zenyewe zitabaki kwa Kiingereza, hivyo haya ni maneno ya hewani. Ni kweli mwanafunzi ataendelea kuandika ‘mrproper’ kwenye kibodi. Lakini kidole hakitangulii akili. Kabla hajabonyeza, kuna sauti inayomweleza atakalolifanya, na sauti hiyo, kwa wengi wetu, ni ya Kiswahili. Ikimwambia "safisha", atabonyeza kwa furaha. Ikimwambia "hii inakomba", atasita, atainakili ‘.config’ yake mahali pengine, kisha ndiyo abonyeze.

Kamusi za istilahi za tarakilishi zinazoandaliwa katika vyuo vyetu na mabaraza ya Kiswahili hazina budi kuipa orodha ya vitenzi uzito sawa na ile ya nomino, na kila kitenzi cha kuondoa kiandamane na maelezo ya kinachobaki. Nomino humwambia mtumiaji anachokitazama kwenye skrini. Kitenzi humwambia atakachokipoteza.